Koni za Upande wa Abiria

Mume wangu hajui kukaa. Nimeolewa naye miaka ishirini na mmoja na sijawahi kumwona anamaliza kikombe cha chai kwenye kiti alichoanzia. Ataanza mezani, atahamia dirishani, kisha utamsikia nje anafungua boneti, na kikombe utakuja kukiokota juu ya betri ya gari.

Kazi yake ilimfaa mtu wa aina hiyo. Miaka ishirini na minne alikuwa mwalimu wa udereva, anakaa kiti cha abiria kwenye yale magari yenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu, anazungushwa mji mzima na watu ambao kulia na kushoto bado wanabahatisha. Mimi mwenyewe alinifundisha kabla hajafikiria kunioa, na mpaka leo namwita Mwalimu. Siku shule yao ilipofungwa alirudi na kile kibao cha herufi L kwapani, akakisukuma nyuma ya kabati langu la vitambaa, kisha akaingia jikoni akaanza kunipangia sufuria upya. Nikajua nimekwisha.

Mimi ni fundi cherehani na sebule yetu ndiyo chumba changu cha kazi. Mteja anasimama katikati na mikono juu, nampima kiuno, na mume wangu anapita kutafuta bisibisi. Anapita tena kuirudisha. Binti yetu yuko chuoni, mji mwingine, na kila akipiga simu anauliza, "Baba amepata kitu cha kumchosha?" Kwa hiyo Mwalimu aliposikia habari za mashindano ya koni, mimi ndiye niliyemsukuma aende.

Si mbio za kukimbizana barabarani. Kuna kiwanja kikubwa cha lami cha ghala lililohamwa. Zinapangwa koni za plastiki, mnaikagua njia kwa miguu kwanza, halafu kila mtu anapita peke yake na gari lake la kila siku huku saa inamhesabia. Ukigonga koni unaongezewa sekunde mbili. Ukipotea njia, mzunguko huo unafutwa. Unapewa mizunguko minne na unahesabiwa ule uliokwenda vizuri kuliko yote. Washindani wenyewe ni watu tu: daktari wa meno, muuza vioo, dada mmoja mhasibu anayekanyaga mafuta kama ana ugomvi na sakafu.

Msimu wa kwanza ulikuwa na mashindano manane na Mwalimu akawa wa mwisho mara nane. Siku ya kwanza kabisa aliwasha indiketa katikati ya koni, kwa mazoea, na jina la Indiketa likamganda. Hilo hakulijali, alicheka nao. Kilichomuuma ni koni. Alizilaza kila mzunguko, tatu, nne, mara moja saba, mtu aliyetumia maisha yake kuwaambia wengine wasiguse ukingo wa barabara.

Msimu ulipoisha aliikunja karatasi ya matokeo mara nne akaitia mfukoni. Tulikuwa bado kiwanjani. "Mwakani," akaniambia, "shindano la kwanza nikiwa wa mwisho tena, nauza gari. Nakaa."

Neno la kuuza halikunishtua. Lililonishtua ni lile la kukaa. Kaka yake mkubwa, dereva wa treni, naye alistaafu akasema sasa anakaa. Alikaa kweli, kwenye kiti cha plastiki mlangoni kwake, mtu aliyekuwa hatulii kama huyuhuyu, na mwaka haukuisha tukaenda kumzika. Daktari alitaja moyo. Mimi nasema ni kile kiti. Basi nikaogopa, na mimi nikiogopa nakuwa mkali.

Tulikuwa na miezi minne. Mwalimu aliianza kesho yake asubuhi, na alianza na gari. Rafiki yake ana gereji nyuma ya duka la mabati, fundi mzuri sana, ila kila kazi ukimuuliza itachukua muda gani anasema nusu saa, na gari linalala kwake siku tatu. Watu wote wanamwita Nusu Saa na ukimwita jina lake halisi hageuki. Hao wawili wakaingia chini ya lile gari. Wakabadilisha shokapu za mbele, kisha za nyuma. Wakabadilisha pedi za breki, wakazisugua kwa msasa, wakazitoa, wakaweka nyingine. Wakabishana wiki nzima kuhusu upepo wa tairi, mmoja anataka uongezwe, mwingine upunguzwe, na kila mmoja akimwacha mwenzake anaurekebisha kisirisiri kama anavyotaka yeye.

Kisha likaja suala la uzito. Tairi ya akiba ilitoka, jeki ikatoka, mazulia yakatoka, na mwavuli wangu uliokuwa kwenye buti ukatoka pia kana kwamba ndio uliokuwa unamchelewesha. Siku moja narudi kutoka kununua vifungo, nakuta kiti cha nyuma cha gari kiko sebuleni kwangu, kimeegemezwa ukutani.

"Mwalimu, hiki ni nini?"

"Ni kilo kumi na nane, mama."

Wateja walikipenda. Mmoja alikaa hapo akisubiri gauni lake akaniuliza nimekinunua wapi.

Usiniulize kuhusu nyumba miezi hiyo. Roli zangu za uzi zilikuwa koni. Naingia jikoni nakuta zimepangwa sakafuni kwa zigizaga, nyekundu, kijani, buluu, na mtu mzima anasukuma kibiriti katikati yake kwa kidole, anavuta pumzi kwenye kila kona. Alfajiri namkuta kwenye gari lililozimwa, macho amefumba, anazungusha usukani. Jirani alinivuta pembeni akaniuliza kwa upole kama nyumbani tuko salama. Nikamwambia tuko salama, ila kuna mtu anajiandaa.

Gari likatoka gereji limekaza, linanguruma vizuri. Na bado, kwenye mazoezi, likawa linagonga koni. Nusu Saa alikuwa na jibu moja: gari linavuta kuelekea upande wa abiria. Alinyoosha magurudumu. Akanyoosha tena. Mara ya tatu alibadilisha na bushi. Akamkabidhi Mwalimu ufunguo akasema safari hii litanyooka kama rula.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Jumapili moja mlinzi wa shule ya msingi iliyo karibu alituruhusu kutumia uwanja wao, udongo ulioshindiliwa wenye vumbi laini juu. Tulipanga chupa za plastiki zenye maji nusu, na Mwalimu na Nusu Saa wakanipa kazi ya kuzisimamisha zikianguka. Nilibeba stuli na sketi za kupiga pindo, maana mikono yangu nayo haijui kukaa.

Mwalimu akienda polepole, kila kitu sawa. Akiongeza mwendo, chupa chini. Nilisimamisha, nikashona, nikasimamisha. Mara ya nne au ya tano niliacha sindano.

"Fundi," nikamwita Nusu Saa, "mbona zinaanguka za upande wa abiria tu?"

"Ndicho ninachosema, shemeji. Gari linavuta. Nipe nusu saa."

"Nusu saa ya nini? Umelinyoosha mara tatu. Hebu panda wewe uendeshe."

Alipanda kwa kuninunia. Akapita kwa kasi ileile, chupa zote, huku na huku, na hakuna hata moja iliyotikisika. Alipozima gari alibaki ameshika usukani, anaukodolea macho. Miezi mitatu tulikuwa tunatafuta mchawi kwenye shokapu.

Sasa nieleze jambo la kazi yangu. Ukipima wanaume koti, unakuta wengi bega moja liko chini. Mwenyewe hajui, ukimwambia anabisha. Muulize alikuwa anafanya kazi gani, atakwambia alibeba mfuko wa zana begani, upande huohuo, miaka kumi. Mfuko aliutua zamani, lakini bega halijapata habari. Nilikuwa nimekaa pale kwenye stuli, sketi mapajani, nikaliona bega la mume wangu.

Nilipanga chupa mbili tu, lango pana, mita tatu. "Mwalimu, pita hapo katikati, kwa mwendo wako wa mashindano."

Akapita. Nilichukua futi yangu ya kupimia, nikapiga magoti kwenye vumbi, nikapima kutoka alama za tairi hadi kwenye chupa. Upande wa abiria sentimita tano, vidole vitatu. Upande wa dereva sentimita mia moja thelathini na tano. Nikagawa tofauti kwa mbili, kama ninavyotafuta katikati ya mgongo wa koti: sitini na tano. Kisha nikafungua mlango wa gari nikanyoosha futi kutoka katikati ya kiti cha dereva mpaka katikati ya kiti cha abiria. Sitini na tano.

"Hujakosea," nikamwambia. "Umepita katikati kabisa. Ila umepita kama mtu aliyekaa kiti kile."

Hakunielewa, au hakutaka. Nikamweleza tena. Miaka ishirini na minne macho yake yameiona barabara kutoka kiti cha abiria. Akienda polepole anakumbuka kwamba amehama. Akikimbia, mwili unarudi kazini na gari lote linasogea upande ule, upana wa kiti kimoja. Shule ya udereva ilikuwa mitaa miwili kutoka nyumbani, alikwenda kwa miguu, kuendesha kwenyewe ni hapa na pale. Na hapo nikakumbuka rimu za upande wa abiria, zilizokwaruzwa miaka yote, na sisi tukiwalaumu waliojenga kingo za barabara.

Nusu Saa alicheka mpaka akashika boneti. Kisha alimtazama rafiki yake akaacha kucheka.

Mwalimu aliinama. Aliokota chupa moja moja, akamwaga maji, akazipanga kwenye mfuko. Nilijiona nimefanya kazi nzuri, niseme ukweli. Nilijisifu moyoni njia nzima. Ilinichukua siku moja kujua nilichokifanya. Nilikuwa nimemwambia mtu kwamba kitu pekee alichokijua duniani, mahali pa kuweka gari, hakijui.

Siku tatu alikaa. Alikaa kwenye kile kiti cha nyuma, sebuleni, chini ya kamba ninayotundikia nguo zilizokwisha. Roli za uzi zilirudi kwenye boksi. Bisibisi hazikutafutwa. Wateja walikuja wakapimwa kwa utulivu ambao nimeutamani miaka yote, na kila nikigeuka namwona, mikono juu ya magoti, anatazama mlango. Siku ya tatu nilimpelekea chai. Niliporudi alikuwa palepale na kikombe kilikuwa kitupu.

Roho ilinipasuka. Nilikiangalia kile kikombe nikaona kiti cha plastiki cha shemeji yangu, wazi kabisa. Nilikwenda kwenye kabati, nikaingiza mkono nyuma, nikakivuta kile kibao cha L pamoja na utando wa buibui, nikamwekea mapajani.

"Somo ni saa kumi," nikasema. "Usichelewe."

Alikitazama. "Nani anafundisha?"

"Mimi."

"Watu niliowapitisha mimi, mama, hata hesabu sina. Wengine ni madereva wa mabasi. Leo nifungiwe hiki kibao mgongoni?"

"Na mimi ni mmoja wao. Ulinifundisha vizuri, la sivyo nisingejua kitu. Sasa inuka kabla sijakasirika."

"Umeshakasirika."

"Basi inuka kabla sijalia."

Aliinuka. Saa kumi tulikuwa uwanjani, kibao kimefungwa nyuma kwa lastiki yangu ya sketi, yeye usukanini na mimi kiti cha abiria, mahali pake pa zamani. Siku ya kwanza nilijaribu kumpa maelekezo, kushoto kidogo, kulia kidogo, na chupa zikaanguka kama kawaida. Siku ya pili pia. Nilimpigia kelele, naye akanikumbusha kwamba mwalimu mzuri hapigi kelele, nikampigia nyingine. Mguu wangu ulikuwa unakanyaga breki isiyokuwepo mpaka misuli ya paja ikauma.

Siku ya tano chupa moja ililipuka ubavuni mwa mlango wangu na mimi nikaruka, nikashika goti. Hakuna kilichonigusa, ni mshtuko tu. Lakini yeye alifunga breki, akageuka, uso umembadilika. "Umeumia?" Hapo ndipo nilipopata.

"Nisikilize," nikamwambia. "Kila chupa ya upande huu ni goti langu. Usihesabu katikati. Usikumbuke kiti. We linda magoti yangu tu."

Mtu huyu alilinda waliokaa kando yake miaka ishirini na minne. Hakuwahi kurudisha mwanafunzi ana mchubuko. Alirudi mwanzo wa uwanja, akapita. Tatu zilianguka badala ya saba. Jioni ile ilianguka moja. Wiki iliyofuata tulikuwa tunarudi nyumbani tumechoka, tumebishana, magoti yangu salama.

Asubuhi ya shindano la kwanza aliamka mapema kuliko jua, akakagua upepo wa tairi mara tatu, akanitafutia kofia ya kujikinga iliyonibana masikio. Kanuni zinaruhusu abiria. Kiwanjani wakashangilia, "Indiketa kaleta mke!" Tuliikagua njia kwa miguu pamoja na wengine. Wao walitembea katikati ya njia. Mimi nilitembea upande wangu, nikigusa kila koni kwa mkono, na kila nikigusa yeye anaitikia kwa kichwa.

Mzunguko wa kwanza tulipotea njia, ukafutwa. Kosa lilikuwa langu, nilifumba macho, yeye akageuka kuniangalia akapitiliza koni. Wa pili tuligonga koni moja. Wa tatu hatukugonga kitu, ila tulikwenda kama tunabeba mayai. Dada mhasibu alimaliza kula andazi zima akitutazama. Kabla ya wa nne Mwalimu alifuta viganja kwenye suruali.

"Ukiogopa, sema," akaniambia.

"Naogopa toka mwaka jana. Twende."

Akaenda. Sikumbuki njia. Nakumbuka koni za upande wangu zinakuja nyekundu, moja baada ya nyingine, zinafika kwenye mlango, zinapita, zote zimesimama. Nakumbuka nikipiga ukelele mmoja mrefu usiokuwa na neno ndani. Tuliposimama nilichungulia nyuma. Kiwanja kizima hakikuwa na koni iliyolala.

Yeye hakwenda kuangalia ubao wa matokeo. Alijifanya hamnazo, akafungua boneti, akainamia injini. Nikaenda mimi. Tulikuwa washindani kumi na tisa. Nilisoma kutoka juu kwenda chini, taratibu, na nilipofika kwa daktari wa meno, aliyekuwa wa kumi na nane, chini yake lilikuwa limebaki jina moja tu. Nikasimama pale nikafikiria kudanganya. Ningeweza, yeye hana tabia ya kukagua. Lakini mtu aliyempima mume wake kwa futi mbele ya rafiki yake hawezi kuanza kumficha namba sasa.

Nilirudi. Hakuinua kichwa.

"Wa ngapi?"

"Wa mwisho," nikasema. "Daktari wa meno amekuzidi nukta tatu."

"Sekunde tatu?"

"Nukta tatu, hata sekunde nzima haifiki. Na koni hakuna."

Alifunga boneti kwa mikono miwili, polepole, akaiacha mikono pale juu. Nilisubiri lile neno la kukaa. Nilikuwa nimeshajiandaa kulijibu, nina matusi mawili mazuri tayari. Alinipa ufunguo, akazunguka gari, akakaa kiti cha abiria.

Niliendesha mimi. Kwa kawaida nikiendesha na yeye yuko kando, mguu wake wa kulia unafanya kazi njia nzima, unakanyaga sakafu kwenye kila kona, kila taa, kila kuku. Nimeuzoea ule mguu kuliko redio. Kwenye taa za njia panda niliutazama. Ulikuwa umenyooka, kisigino chini, hausogei.

"Tairi hizi za mbele," akasema, macho amefumba, "hazifiki shindano la tatu."

"Tutaona," nikasema.

Taa ilipowaka kijani hakunihimiza. Nilipogeuka alikuwa amelala, mdomo wazi, ametulia kama maji mtungini, kichwa kimegonga kioo cha mlango na hakijali. Miaka ishirini na mmoja, sijawahi kumwona amelala ndani ya gari linaloendeshwa na mtu mwingine. Nyumbani palikuwa mitaa minne tu mbele. Nikawasha indiketa, nikakata kona nyingine, nikapita njia ndefu.